Viza ya kumfuata mume Uingereza imekataliwa: ni ndoa au ni mshahara?

#1 Bi_Ujiji

Habari zenu wanajukwaa. Naandika kutoka Ujiji, nikiwa na barua ya kurasa nne ambayo nimeikunja na kuikunjua mpaka imeanza kukatika kwenye mikunjo, na bado sijaelewa kosa langu ni lipi.

Mume wangu yuko Coventry tangu 2008. Alipata uraia wa huko 2019, tukafunga ndoa hapa Ujiji 2021, na mtoto wetu akazaliwa 2022. Mwaka 2025 tuliomba viza, yangu na ya mtoto, ili tukaishi naye. Ada ilikuwa pauni 1,938 kwa kila mmoja, na juu yake ada ya afya, ambayo kwangu peke yangu ilifika pauni 3,105. Nilikwenda Dar es Salaam kwa treni kupima kifua kikuu na kutoa alama za vidole, na mtihani wa Kiingereza wa ngazi ya A1 nilikuwa nimekwisha kuufaulu. Barua imetoa sababu mbili. Ya kwanza, hawakuridhika kwamba ndoa yetu ni ya kweli na kwamba ingali hai. Ya pili, vielelezo vya kipato cha mume havikukamilika kama kanuni zinavyotaka.

Ninachouliza ni ipi kati ya hizo mbili iliyoniangusha. Shemeji yangu anasema habari ya ndoa ni maneno ya kujazia karatasi, na kwamba fedha zingekuwa sawa wasingejali tunapendana kiasi gani. Mimi naona kinyume, kwa sababu walinihoji kwa simu ya video karibu dakika arobaini na hawakuniuliza habari ya fedha hata mara moja.

#2 Mwisho_wa_Reli

Pole sana dada. Jiandae, maana hapa Kigoma kila mtu ni mwanasheria wa viza, hasa sisi ambao safari yetu ya mbali kabisa iliishia mwalo wa Kibirizi. Tuambie kwanza hayo maswali ya simu yalikuwaje, na mume anafanya kazi gani.

#3 Mwalimu_Isevya

Salamu kutoka Tabora. Nitasema ninachokijua kwa sababu mdogo wangu alipita njia hiyo hiyo.

Shemeji yako ana sehemu ya ukweli. Tangu tarehe 11 Aprili 2024, mdhamini anayemwita mwenzi wake Uingereza anatakiwa awe na kipato cha angalau pauni 29,000 kwa mwaka. Kabla ya hapo, tangu 2012, kilikuwa pauni 18,600. Mshahara wako wewe wa Kigoma hauhesabiwi hata ungekuwa mkurugenzi. Tena kiasi peke yake hakitoshi, kwa maana kila slipu ya mshahara inapaswa kuonekana katika taarifa ya benki ya mwezi ule ule, senti kwa senti. Anayekaa kwa mwajiri mmoja miezi sita au zaidi huleta slipu za miezi sita. Aliyekaa pungufu ya hapo huingia fungu jingine, na huko hutakiwa kuthibitisha mambo mawili kwa pamoja: kwamba mshahara wa sasa unafikia kiwango, na kwamba jumla ya alichopokea katika miezi 12 iliyopita nayo inafikia kiwango.

Wengi huangukia hapo, wakidhani mshahara mkubwa wa sasa unafuta miezi ya nyuma. Je, mume wako alibadilisha kazi?

#4 Asali_ya_Sikonge

Mwalimu, unampeleka dada kwenye hesabu wakati jibu liko wazi. Wamefunga ndoa ya Kiislamu. Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 inaichukulia ndoa ya Kiislamu kuwa ni ya mke zaidi ya mmoja mpaka ithibitike vinginevyo, na Waingereza hawaitambui ndoa ya namna hiyo. Wakiona cheti cha sheikh, mchezo umekwisha. Angefunga bomani angekuwa amekwisha kufika.

#5 Bi_Ujiji

Ahsanteni. Najibu kwa mpangilio.

Mume wangu anafanya kazi kwenye ghala la kupakia na kupanga bidhaa. Mwalimu, alihama ghala moja kwenda jingine miezi minne kabla hatujatuma maombi, kwa sababu la pili linalipa zaidi. Kwa hiyo tuliweka slipu nne za ghala jipya na mbili za zamani, tukasema sita zimetimia.

Sasa maswali ya simu. Mengi yalikuwa mepesi: tulikutana wapi, harusi ilikuwa mwezi gani, anakula nini. Nilisema anapenda migebuka ya kukaanga na hawezi kuipata Coventry, na yule dada upande wa pili akacheka. Halafu akauliza, «Mama wa mume wako yuko wapi?» Nikajibu bila kusita, «Yupo hapa Ujiji, leo asubuhi nimemchemshia uji.» Akaandika. Akauliza mume wangu ana ndugu wangapi, nikasema tisa, na nikawataja wote kwa majina.

Katika barua, ukurasa wa pili, wameandika kwamba mdhamini alieleza kwenye fomu kuwa mama yake alifariki 2003 na kwamba ana ndugu wanne, na kwamba mwombaji hajui hata kama mama mkwe wake yu hai. Ni kweli mama aliyemzaa alifariki 2003. Huyu ninayemchemshia uji ni mama mdogo, ndiye aliyemlea tangu akiwa darasa la tano. Hao ndugu watano waliozidi ni watoto wake mama mdogo na wa baba mkubwa. Sijamsikia mume wangu hata siku moja akimwita huyu mama kwa jina jingine zaidi ya mama.

#6 Mwisho_wa_Reli

Sasa umeniuma. Mimi nimelelewa na mama wanne na sijui hata mmoja niliyepaswa kumwita shangazi.

#7 Karani_Mstaafu

Nimefanya kazi ya masijala ya mahakama miaka mingi, nami naomba niseme kwa utaratibu.

Kwanza namrekebisha Asali (#4). Ni kweli kwamba kwa sheria ya 1971 ndoa ya Kiislamu huchukuliwa kuwa inaweza kuwa ya wake wengi, lakini neno zito hapo ni «inaweza». Kanuni za Uingereza zinachokizuia ni mke wa pili kuingia wakati mke mwingine wa mume yule yule amekwisha kuingia kwa ndoa hiyo. Mume mwenye mke mmoja kweli kweli haathiriki kwa sababu cheti chake kingemruhusu kuongeza. Cheti cha ndoa ya dini kilichosajiliwa ni cheti halali kama kile cha bomani. Kama kimeandikwa Kiswahili kitupu, ndipo kinahitaji tafsiri yenye tarehe, sahihi na anwani ya mtafsiri.

Pili, tatizo la dada huyu kwa maoni yangu ni hilo la mama. Afisa ana fomu mkononi, fomu inasema marehemu, na mke anasema nimemchemshia uji. Kwa mtu asiyejua kwamba kwetu mdogo wa mama ni mama, huo ni uongo uliokamatwa mchana kweupe. Dawa yake ni hati ya kiapo ya huyo mama mdogo, iambatane na cheti cha kifo cha mama mzazi, na ieleze kwa aya mbili tu jinsi tunavyoitana.

#8 Mwalimu_Isevya

Karani, nakubali marekebisho ya ndoa kwa niaba ya jirani yangu wa Sikonge, ambaye ameingia mitini.

Lakini sikubaliani na la mama kuwa ndilo kubwa. Maafisa hao wamekwisha kuhoji Waafrika kwa maelfu na habari ya mama mdogo si ngeni kwao. Dada amesema slipu nne na mbili. Hapo ndipo alipoanguka, kwa sababu aliomba kama mtu wa fungu la miezi sita kwa mwajiri mmoja ilhali alikuwa mtu wa fungu la miezi 12. Hata mama huyo angekuwa hai na kuhojiwa mwenyewe, maombi yasingepita.

#9 Asali_ya_Sikonge

Sijaingia mitini, nilikuwa narina asali. Nakubali nilikosea kuhusu ndoa. Lakini nauliza: kama shida ilikuwa slipu, kwa nini walijipa kazi ya kumpigia simu?

#10 Mke_wa_Hanover

Salamu nyote. Mimi ni mtu wa Cheyo, Tabora, nilimfuata mume Ujerumani 2019. Kule nako mwenzi hutakiwa kwa kawaida kuwa na lugha ya ngazi ya A1 kabla ya kuondoka, na nilisomea Goethe-Institut pale Dar es Salaam, nikiwa nimepanga chumba na binamu yangu. Naeleza kwa sababu kilichonichelewesha kinafanana na cha Bi_Ujiji, ingawa hakuna aliyekitaja.

Mimi nilizaliwa 1990, cheti changu cha kuzaliwa kimetolewa 2018. Wazazi hawakuniandikisha ndani ya zile siku 90, kama wazazi wengi wa wakati ule. Kwa macho ya ubalozi, cheti kilichotoka mwaka mmoja kabla ya maombi ni cheti kilichotengenezwa kwa ajili ya maombi. Walinitaka kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo na cheti cha darasa la saba, na kwenye cheti cha darasa la saba jina langu la tatu lilikuwa la mjomba aliyenisomesha. Ilinichukua miezi mitano kuthibitisha kwamba mimi ni mimi.

Bi_Ujiji, vyeti vyenu vimetolewa lini, na majina yanafanana kote?

#11 Bi_Ujiji

Da Hanover, umenigusa. Jina la mume kwenye cheti cha ndoa lina maneno matatu, na kwenye pasipoti yake ya Uingereza lina mawili, tena moja limepoteza herufi ya mwisho. Barua haikulitaja hilo.

Cheti changu cha kuzaliwa ni cha 2022. Sababu yake ni ndefu. Kwa sisi wa mpakani, kupata namba ya NIDA ni safari. Katika ofisi moja niliulizwa babu yangu amezikwa wapi, nikataja Manyovu, na kwa sababu Manyovu ni mpakani faili langu likakaa. Niliipata namba 2023. Kabla ya hapo sikuwa na laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina langu, kwa hiyo fedha zote alizotuma mume kuanzia 2021 mpaka 2023 ziliingia kwenye simu ya shemeji.

#12 Mwisho_wa_Reli

Yule yule shemeji anayesema habari ya ndoa ni maneno ya kujazia karatasi? Nauliza tu.

#13 Nahodha_Mstaafu_Bangwe

Mwisho_wa_Reli ametania, lakini amelenga penyewe. Afisa anatafuta nyayo za ndoa: fedha, safari, mazungumzo. Fedha za miaka miwili zimekwenda kwa mwanamume mwingine. Safari ni mihuri kwenye pasipoti. Dada, mume alikuja mara ngapi tangu harusi, na mazungumzo yenu mliyatoa vipi?

#14 Bi_Ujiji

Alikuja 2022 mtoto alipozaliwa, akaja tena 2024. Mwaka 2023 hakuja, alikuwa akiweka akiba ya maombi haya haya. Kuhusu mazungumzo, simu yangu ya zamani ilitumbukia ziwani pale Kibirizi nikipokea mzigo wa mawese, na meseji zote za kabla ya 2024 zikaenda nayo. Tulituma picha za skrini za miezi 14 ya mwisho.

Sitaki mmlaumu shemeji. Kila shilingi aliileta.

#15 Nahodha_Mstaafu_Bangwe

Simlaumu. Nasema kwamba uaminifu wake hauna risiti.

Na mazungumzo yaliyozama, nusu yake iko kwenye simu ya mume. Kwa nini hamkutoa upande wake?

#16 Bi_Ujiji

Hatukufikiria. Nimekaa na sentensi yako tangu jioni.

#17 Makere_Njia_Panda

Naomba kuongeza kutoka huku Kasulu, jirani na kambi ya Nyarugusu, ingawa ni habari ya Marekani. Mwanamke niliyemfahamu sokoni alipelekwa huko kama mkimbizi na mumewe akabaki kambini. Kwa utaratibu wa wakimbizi, aliyetangulia ana miaka miwili tangu siku ya kuingia kujaza fomu ya kumwita mwenzi na watoto, na fomu hiyo haina malipo. Yeye aliambiwa na watu asubiri kwanza awe raia, ndipo itakuwa rahisi. Miaka miwili ikapita. Nalisema ili watu wajue kwamba kila njia ina saa yake.

#18 Mwalimu_Isevya

Ahsante Makere, umenikumbusha saa. Bi_Ujiji, kwa mtu aliye nje ya Uingereza muda wa kukata rufaa ni siku 28 tangu kupokea uamuzi. Barua umeipata lini?

#19 Bi_Ujiji

Leo ni siku ya kumi na moja. Kuna wakala mmoja wa hapa mjini amesema kwa milioni moja na nusu atatuandikia barua kutoka ghala la zamani kuonyesha kwamba mume bado anafanya kazi huko pia.

#20 Karani_Mstaafu

Mkimbie huyo kishoka kwa miguu miwili. Maombi yenye hati ya kughushi hukataliwa kwa sababu hiyo peke yake, na rekodi haifutiki. Kukosea fungu la slipu hurekebishika, lakini udanganyifu utawafuata katika kila ombi litakalokuja.

#21 Mtaa_wa_Lumumba

Nimesoma kuanzia mwanzo na nashangaa hakuna aliyeuliza habari ya mtoto. Bi_Ujiji ameandika #1 kwamba mume alipata uraia 2019 na mtoto amezaliwa 2022, wazazi wakiwa wamekwisha kuoana. Mtu aliyepata uraia wa Uingereza kwa kuandikishwa humrithisha mtoto wake anayezaliwa nje. Kwa hiyo mtoto huyo ni raia wa Uingereza tangu siku aliyozaliwa. Hakuhitaji viza. Alihitaji kuombewa pasipoti.

#22 Bi_Ujiji

Subhanallah. Tulilipa pauni 1,938 za mtoto?

#23 Mtaa_wa_Lumumba

Ada ya maombi hairudi. Ada ya afya hurudishwa maombi yakikataliwa, yako na ya mtoto, kwa hiyo fuatilieni kadi iliyolipa.

#24 Asali_ya_Sikonge

Lakini Tanzania hairuhusu uraia pacha. Akichukua pasipoti hiyo si atapoteza wa kwetu?

#25 Karani_Mstaafu

Asali, leo umeamka na sheria. Katazo hilo linamhusu mtu mzima. Mtoto aliyezaliwa na uraia wa nchi mbili hukaa nazo mpaka afikishe miaka 18, ndipo huchagua. Huyu ana miaka kumi na mingapi mbele yake.

Ila nakubaliana na Lumumba kwamba jambo hili linabadilisha sura. Kwenye rufaa, jaji hutakiwa kutazama maslahi ya mtoto, na mtoto mwenye uraia wa huko, mwenye baba huko, si mtoto wa kupuuzwa.

#26 Mwalimu_Isevya

Hata hivyo sura hiyo haifuti slipu. Mimi ningeshauri mume asubiri atimize miezi sita ghala jipya, ambayo kwa hesabu yangu imekwisha kutimia, kisha waombe upya kwa vielelezo vilivyonyooka. Rufaa huchukua miezi mingi, na mwisho wake jaji naye atauliza pauni 29,000.

#27 Nahodha_Mstaafu_Bangwe

Nami ningeshauri rufaa, kwa sababu akiomba upya, ile sentensi ya ukurasa wa pili kwamba hajui kama mama mkwe yu hai itabaki kwenye faili bila kujibiwa, na afisa anayefuata ataanza kusoma kutoka hapo.

#28 Mke_wa_Hanover

Wote mnasahau majina. Nimesema.

#29 Mwisho_wa_Reli

Kwa hiyo mpaka sasa tuna slipu, mama, simu iliyozama, shemeji, herufi moja na cheti cha 2022. Mimi naongeza ya saba: huenda afisa hakuamini kwamba kuna mtu anaweza kuacha migebuka kwa hiari yake.

#30 Mtaa_wa_Lumumba

Huyo mume aliiacha 2008, na ndiye aliyepewa uraia.

#31 Bi_Ujiji

Nimerudi kuwapa mrejesho na kuwashukuru. Mume anataka tuombe upya, mimi nataka rufaa, na tumekubaliana kwamba pasipoti ya mtoto ianze wakati tunabishana. Ametoa mazungumzo yote kwenye simu yake tangu 2020, na ni mengi mno. Nilipitia machache nikakuta siku nzima ya Februari 2022 tuliyobishana kuhusu bei ya bati, hakuna hata neno moja la mapenzi ndani yake. Sijui kama hiyo inatusaidia au inatuharibia.

Hati ya kiapo nimeanza kuiandaa kama Karani alivyoelekeza. Jana nilimsomea mama rasimu. Ilisema: «Mimi ni mama mdogo wa mdhamini.» Alinyamaza kidogo, akaendelea kuchambua dagaa, kisha akauliza, «Nani amekwambia mimi ni mdogo?» Amesema hatasaini karatasi inayosema hivyo, kwa maana siku ile 2003 alimwahidi dada yake kaburini kwamba mtoto hatajua tofauti.

Karani, kuna namna nyingine ya kuandika?

#32 Karani_Mstaafu

Ipo. Andika: «Mimi ndiye niliyemlea mdhamini tangu mwaka 2003, baada ya kifo cha dada yangu aliyemzaa.» Neno «mdogo» halimo, na afisa atapata anachokitafuta. Cheti cha kifo cha 2003 mnacho, au nacho kilitolewa juzi?